Mama wa Columbus na ndoto ya Chiang Mai: hela yake, Medicare yake na miezi ya moshi

Swali: Mimi ni mama wa miaka 67, mzaliwa wa Tanga, raia wa Marekani, naishi Columbus, Ohio. Nimefanya kazi ya kutunza wazee miaka 22 na sasa nimestaafu. Social Security yangu, yaani pensheni ya serikali, ni dola 2,165 kwa mwezi kabla ya makato ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na nina akiba ya dola 60,000. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Watoto watatu wako huku na familia zao. Nina presha na sukari, zote zimetulia kwa vidonge. Rafiki yangu Mmarekani niliyefanya naye kazi amehamia Chiang Mai, Thailand. Nilimtembelea wiki tatu Novemba iliyopita, na tangu nirudi moyo wangu haupo hapa. Tanga naipenda lakini sitaki kuzeekea pale. Je, hela hii inatosha? Rafiki yangu anasema nifute Medicare kwa kuwa ni kutupa pesa, nifute? Na mimi ni Mwislamu, nikifia kule itakuwaje?

Jibu:

Shikamoo mama.

Nakuandikia nikiwa Chiang Mai kwenyewe, ambako kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kuwasaidia wastaafu kutoka Marekani na makaratasi ya uhamiaji, ya benki na ya hospitali. Kwa kuishi, hela yako inatosha na chenji inabaki. Kwa kuugua ugonjwa mkubwa haitoshi, na kwa ajili hiyo nakuomba mambo mawili: Medicare usiifute, na usihame jumla. Kaa huku miezi kumi, rudi Columbus miezi miwili, kila mwaka, na miezi hiyo iwe Machi na Aprili.

Naanza na miezi, kwa sababu wewe ulikuja Novemba. Novemba ndiyo sura nzuri kuliko zote za mji huu. Mvua zimekwisha, asubuhi kuna kibaridi cha kujitanda khanga, mpunga unavunwa, na mlima wa Doi Suthep unauona wazi mpaka paa la dhahabu la hekalu lake. Sasa nikupe sura ya Machi. Mlima huo huo, ulio nje kidogo tu ya mji, unapotea. Unasimama barazani unatazama upande uliko na huoni kitu ila ukungu wa rangi ya majivu. Nguo ukizianika nje zinarudi na harufu ya moto, na siku mbaya unakuta chembe nyeusi za majani yaliyoungua juu ya meza. Jua linachwa jekundu, unaweza kulikazia macho bila kuumia.

Moshi huo unatokana na mabua ya mahindi yanayochomwa mashambani, na moto wa misitu ya milimani, na mwingine unavuka mpaka kutoka Myanmar na Laos. Chiang Mai imekaa bondeni, basi hewa ikitulia moshi unabaki hapo hapo kama ndani ya sufuria lililofunikwa. Kuna siku za Machi ambapo mji huu huorodheshwa wa kwanza duniani kwa hewa chafu. Na kinachodhuru hasa hukioni: ni vumbi laini mno, linaloitwa PM2.5, linalopita mapafu na kuingia kwenye damu. Kijana mwenye afya atakohoa na kulalamika. Mama wa miaka 67 mwenye presha na sukari anajiongezea hatari ya moyo na ya kiharusi. Najua wazee wanaofunga madirisha, wanawasha mashine ya kusafisha hewa na kukaa ndani wiki sita. Sioni sababu ya wewe kuishi hivyo wakati una watoto watatu Ohio wanaotaka kukuona, na daktari anayekujua, na kadi ya Medicare inayofanya kazi kule tu.

Hapo ndipo hoja ya rafiki yako inapopwaya. Ni kweli kwamba Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani, ukiondoa hali chache sana zinazohusu mipaka ya Kanada na Meksiko na meli zilizo karibu na bandari za Marekani. Ukilazwa Chiang Mai hutalipiwa hata senti. Lakini angalia kinachotokea ukiifuta. Sehemu A, ile ya kulazwa, huilipii kwa kuwa umechangia zaidi ya miaka kumi kazini. Hiyo huna sababu ya kuigusa. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Ukiifuta leo na kuitaka tena baada ya miaka sita, unaongezewa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliokosa: asilimia 60 juu ya ada, maisha yako yote. Kwa ada hiyo ya 2025 ni dola 111 za ziada kila mwezi. Hilo bado dogo. Kubwa ni kwamba mlango wa kujiandikisha upya hufunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 31 tu. Tuseme kiharusi kinakupata Juni, watoto wanakurudisha Columbus ukiwa kwenye kiti cha magurudumu. Utakaa bila sehemu B mpaka mwaka unaofuata, na hiyo ndiyo miezi ambayo mgonjwa wa kiharusi anahitaji daktari na mazoezi ya viungo kuliko wakati mwingine wowote. Wewe umewageuza wazee kitandani miaka 22. Unajua mwezi wa kwanza baada ya kiharusi ulivyo.

Kwa hiyo lipa ada hiyo, na uifanyie kazi. Kila Machi ukirudi, fanya vipimo vyote: damu, moyo, figo, macho kwa ajili ya sukari.

Tahadhari moja hapa. Kama ulicho nacho ni ule mpango wa kampuni binafsi, Medicare Advantage, elewa kwamba unataka mtu akae ndani ya eneo lake, na ukiwa nje ya eneo hilo zaidi ya miezi sita kwa kawaida wanakutoa. Mtu anayekaa nje miezi kumi afadhali arudi kwenye Medicare ya asili. Dirisha la kubadilisha kwa mwaka ujao ni Oktoba 15 hadi Desemba 7.

Sasa viza, ambako watu wengi wa kipato chako hukwama bila kutarajia.

Thailand inampa mstaafu wa miaka 50 na zaidi ruhusa ya kukaa mwaka mmoja mmoja, kwa kuonesha kimojawapo: kipato cha baht (fedha ya Thailand) 65,000 kila mwezi, au baht 800,000 zilizokaa kwenye benki ya Thailand, au mchanganyiko wa vyote viwili unaofikia 800,000 kwa mwaka. Ukitazama haraka utasema kipato changu kinatosha, nifuate njia ya kwanza. Tupige hesabu. Ukitoa 185 za sehemu B unabaki na dola 1,980. Oktoba 2022 dola ilikuwa imefika baht 38, na hela hiyo ingekuwa baht 75,000 na ushee. Katikati ya 2025 dola ilikuwa inazunguka 32 na 33. Kwa 32 unapata baht 63,360. Umeshakosa, kwa tofauti ndogo kabisa, na afisa wa uhamiaji haongezi. Zamani Mmarekani alikuwa anaapa tu ubalozini kwamba kipato chake ni kiasi fulani na kupewa barua. Ubalozi wa Marekani uliacha kutoa barua hizo mwanzoni mwa 2019. Tangu hapo benki ya huku ndiyo ioneshe hela ikiingia kutoka nje mwezi baada ya mwezi, miezi 12.

Wapo wanaofuta sehemu B ili kipato kivuke mstari wa 65,000. Nimewaona. Wanauza bima ya uzee wao kwa ajili ya tofauti ya baht elfu chache.

Wewe chukua njia ya 800,000. Kwa bei hiyo ya 2025 ni kama dola 24,600, na unazo. Ukiwa bado Columbus omba kwa mtandao, kwenye tovuti ya e-Visa ya serikali ya Thailand, viza inayoitwa Non-Immigrant O. Usichukue ile inayoitwa O-A hata kama wakala atakusifia kwamba unapata mwaka mzima papo hapo. O-A inadai bima ya afya ya baht milioni 3 mwaka hadi mwaka, na kwa umri wako, na presha, na sukari, bima hiyo ama hutaipata ama itakumaliza. Ile ya O haina sharti hilo.

Viza ya O inakupa siku 90. Fedha lazima ikae benki miezi miwili kamili kabla hujaomba mwaka wako. Tisini ukitoa sitini zinabaki thelathini, na ndani ya hizo thelathini uwe umepata nyumba, umepata hati ya makazi, umefungua akaunti na fedha imefika kutoka Marekani. Kwa hiyo wiki ya kwanza usiende kutalii tembo. Nenda benki, na ukikataliwa tawi moja nenda jingine, kwa sababu kila meneja ana tafsiri yake. Akaunti iwe kwa jina lako peke yako.

Siku ya kwenda uhamiaji kuna jambo dogo linaloangusha watu kila wiki. Benki za huku bado zinatoa kitabu, kile cha kizamani kinachochapwa miamala, na afisa anataka kuona mstari uliochapwa siku hiyo hiyo. Unaweka hata baht 100 asubuhi, unaingiza kitabu kwenye mashine, kinachapa tarehe ya leo, ndipo unakwenda na fomu yako ya TM7, picha, barua ya benki na ada ya baht 1,900. Nimemwona mzee wa miaka zaidi ya 80 amefika saa kumi na mbili alfajiri kushika namba, akakaa saa nne kwenye kiti cha plastiki, na zamu yake ilipofika akarudishwa benki kwa sababu mstari wa mwisho wa kitabu ulikuwa wa jana. Alirudi kwa miguu juani akiwa amekikumbatia kile kitabu kifuani. Tangu siku hiyo kila mtu ninayemsaidia nampigia simu usiku wa kuamkia.

Ukishapewa mwaka wako, 800,000 zinabaki kamili miezi mitatu mingine. Baadaye unaweza kushuka, lakini si chini ya 400,000, kisha miezi miwili kabla ya kuomba tena ziwe zimerudi kamili. Shika hilo kwa mikono miwili, mama, kwa sababu wastaafu wengi wanahesabu fedha hiyo kama akiba ya ugonjwa. Ukiitumia hospitali umepoteza ruhusa ya kukaa, tena ukiwa mgonjwa. Fedha ya viza ihesabu kama haipo.

Basi akiba yako halisi ni ile inayobaki, dola 35,400. Na matumizi? Wastaafu ninaowafahamu wanaoishi kwa kiasi, bila anasa na bila kujinyima, wanalipa pango la baht 14,000 hivi kwa fleti safi ya chumba kimoja yenye lifti, umeme na maji 2,500, chakula 15,000, usafiri na simu 4,000, dawa na kliniki 4,000. Jumla ni kama 40,000. Katika baht zako 63,000 na kitu unabakiwa na zaidi ya 20,000 kila mwezi. Toa humo tiketi ya kwenda Columbus na kurudi, na kinachobaki weka kwenye mfuko wa hospitali, Marekani, kwenye akaunti ambayo mwanao mmoja anaweza kuifikia hata usiku wa manane. Sababu ni kwamba hospitali binafsi za huku ni nzuri kwelikweli, lakini nyingi hutaka amana kabla ya operesheni kubwa, na kiasi ni laki kadhaa za baht. Nimewahi kukaa korido na familia moja iliyokuwa inatafuta hela kwa simu wakati Marekani ni saa tisa usiku, baba yao yuko ndani anasubiri.

Bima binafsi tafuta, lakini ujue unachonunua. Karibu kila kampuni itaondoa presha na sukari, na ikishaziondoa inaondoa pia kinachozaliwa nazo: moyo, figo, kiharusi. Kinachobaki ni ajali, mifupa, dengue, mambo kama hayo. Kwa bei ndogo inafaa. Usifiche ugonjwa kwenye fomu. Watauchimba siku ya madai. Na fanya hivyo sasa, maana ukivuka 70 makampuni mengi hayapokei mteja mpya.

Vidonge vya kawaida vya presha na sukari vinapatikana huku bila shida. Njoo na majina yake ya kitaalamu, si ya kampuni. Kwa hospitali, usianze na zile zenye ukumbi kama wa hoteli. Chuo Kikuu cha Chiang Mai kina hospitali yake kubwa, Maharaj, ambayo wenyeji wanaiita Suan Dok, na ndani yake kuna kituo cha Sriphat ambako unawaona madaktari bingwa wa chuo bila foleni ile ndefu, kwa bei iliyo katikati ya serikali na binafsi. Fungua faili pale mwezi wa kwanza ukiwa mzima. Na siku utakapohitaji kutunzwa, Chiang Mai ina wauguzi wa nyumbani na nyumba za wazee. Kuna mahali kando ya mto Ping panapoitwa McKean, palipoanzishwa 1908 na daktari mmisionari kwa ajili ya wenye ukoma, na leo wanatunza wazee, wakiwemo wageni. Nenda ukapatembelee kwa jicho lako la kazi. Utaona mambo ambayo mimi siwezi kuyaona.

Kodi ya mapato nitaipitia haraka. Wewe ni raia wa Marekani, kwa hiyo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, unakwenda nayo popote. Fomu zako unaendelea kuzijaza, ila ukiwa unaishi nje una hadi Juni 15. Ile 800,000 inazidi dola 10,000, basi kila mwaka unaripoti akaunti yako ya Thailand kwa fomu ya FBAR. Haikutozi kitu, ila kutoripoti kunaweza kukuletea faini inayozidi akiba ya wengi. Kwa Thailand, ukikaa siku 180 au zaidi katika mwaka unahesabiwa mkazi wa kodi, na tangu Januari 2024 wanaangalia fedha unayoingiza kutoka nje. Usiogope: mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili umeiacha Social Security itozwe na Marekani peke yake, na akiba uliyokuwa nayo kabla ya 2024 haiguswi. Chapisha taarifa ya benki inayoonesha salio la Desemba 31, 2023, uitunze. Karatasi moja hiyo itakuokoa maelezo mengi.

Social Security iache iingie kwenye benki yako ya Marekani, halafu utume mwenyewe. Waarifu kwamba unaishi nje. Wanaoihudumia Thailand wako ubalozi wa Marekani Manila, Ufilipino. Watakuwa wanakutumia fomu ya SSA-7162 kuuliza kama bado uko hai na hali yako ikoje, na isiporudi malipo yanasimama. Barua hizo hupotea njiani. Usiisubiri ikufuate, iulizie. Na namba yako ya simu ya Marekani usiifunge, benki zote zinatuma msimbo huko.

Nyumba usinunue. Ardhi mgeni haruhusiwi kumiliki, na atakayekwambia ufungue kampuni kwa majina ya Wathai anakuingiza kwenye kosa la jinai. Fleti mgeni anaweza kununua, ndani ya asilimia 49 ya jengo, lakini kwa akiba ya dola 35,400 hilo lisikupite hata kichwani. Panga. Ulizia kabla ya kusaini kama mwenye nyumba anajaza fomu ya TM30, ile ya kuripoti kwamba mgeni amelala kwake. Asiyetaka kuijaza mwache na fleti yake. Na pikipiki, hata ya kukodi, hapana. Barabara za nchi hii zinaua sana. Panda yale magari mekundu, songthaew, maana yake ni safu mbili: mabenchi mawili yanayotazamana nyuma ya pikapu, kama chai maharage za Dar enzi zile.

Nikuambie pia kitu ambacho hakipo kwenye fomu yoyote. Wamarekani wengi huku huchukua miaka kuelewa mambo mawili ambayo wewe utayaelewa siku ya kwanza. La kwanza ni saa. Wathai usiku huhesabu kuanzia jua linapozama: saa moja usiku wanasema nueng thum, thum moja, saa mbili, song thum, mbili, mpaka saa tano, ha thum, tano. Ni saa zetu zile zile, zinaachana tu ikifika usiku wa manane. La pili ni kwamba huku hakuna mtu asiye ndugu. Muuza matunda atakuita pa, shangazi, au yai, bibi. Msichana wa duka la dawa utamwita nong, mdogo wangu. Mdogo ndiye anayeanza kukunja mikono kumwamkia mkubwa, na mkubwa anaitikia, kama shikamoo na marahaba. Nadhani ndicho kilichokushika ule mwezi wa Novemba. Ulikuwa umekaa miaka mingi mahali ambapo mtu mzima anaitwa kwa jina lake la kwanza na mtoto wa miaka ishirini.

Karibu na soko la usiku kuna msikiti wa Ban Ho, wa Waislamu ambao mababu zao walikuja na misafara kutoka Yunnan, China. Ijumaa asubuhi barabara yake inajaa wauzaji walioshuka milimani na mboga, chai na nyama iliyokaushwa, na khao soi ya pale, tambi ndani ya mchuzi wa nazi na bizari, ni halali na ina ladha isiyo mbali na ya pwani. Jitambulishe kwa kina mama wa pale mapema. Huku mila ya wengi ni kuchoma maiti hekaluni. Ukifariki, ubalozi utawasiliana na watoto wako na kutoa hati ya kifo ya Marekani, lakini uamuzi utategemea walichoandikiwa. Andika wazi kwamba wewe ni Mwislamu, uzikwe, na kama ni huku au wapi; nakala moja kwa mwanao, moja kwa rafiki yako, moja msikitini. Andika wosia kwa Kithai kwa ajili ya ile akaunti, mbele ya mashahidi wawili, la sivyo benki itaifunga mpaka mahakama iteue msimamizi na watoto watahangaika miezi. Sheria ya afya ya Thailand ya 2007 inakuruhusu pia kuandika matibabu usiyoyataka mwisho wa maisha. Katika kazi yako umeona wasioandika.

Jambo la mwisho linahusu Tanga. Siku itafika utapigiwa simu usiku kwamba kuna msiba, na utataka kuondoka asubuhi. Ruhusa yako ya mwaka mmoja hufa ukitoka Thailand bila kibali cha kurudi, na 800,000 zako zinaanza safari upya. Kwa hiyo siku ile ile unayopewa mwaka, lipia kibali cha kuingia na kutoka mara nyingi, baht 3,800. Cha mara moja ni 1,000, lakini wewe una safari ya Machi na hujui nyingine. Na kwenye pochi ya pasipoti weka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Thailand inakidai kwa abiria anayetoka Tanzania au Kenya, awe na pasipoti ya rangi yoyote. Kabla ya kurudi unajaza fomu ya kuingia ya mtandaoni ndani ya siku tatu za mwisho. Mwambie mjukuu aliye karibu akusaidie.

Vitu vyako usiuze bado. Mwaka wa kwanza mwombe mwanao mmoja chumba au kona ya gereji, njoo Novemba na masanduku mawili, na uamuzi wa fanicha uufanye Columbus mwezi wa Aprili. Ila kabla ya yote toa kadi zako, uangalie kama Medicare yako ni ya asili au ni Advantage, na uniandikie jina lililoandikwa juu yake. Usiiache Desemba 7 ikupite.